Dawa ya kifua kikuu yaweza kufuta kumbukumbu ya unga?

SWALI: Shikamoo kaka mfamasia. Mimi ni muuguzi wa zahanati huku Mikindani. Mdogo wangu wa kiume alikuwa akivuta unga (heroini) Dar. Tulimrudisha nyumbani, akakaa miezi minane bila kugusa kete, anamsaidia baba shamba la korosho, hana neno. Juzi kwenda Dar kwenye msiba, anasema basi lilipoingia Mbagala tu kamasi zikamtoka na tumbo likamkata, kama mwenye arosto (maumivu ya kukosa unga) ya jana. Alijikaza, akarudi siku ya tatu. Arobaini inakaribia na lazima aende tena. Nimesoma kwamba panya walipewa saikloserini, ile ile ya TB sugu, wakasahau madawa ya kulevya. Inafanyaje kazi? Na inaweza kumsaidia?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Poleni na msiba. Nianze na hilo neno "wakasahau", kwa sababu ndilo lililokuchanganya. Wale panya hawakusahau kitu.

Jaribio lenyewe liko hivi. Kuna sanduku lenye vyumba viwili: kimoja kina kuta za mistari na sakafu ya vyuma vyembamba, kingine kuta nyeupe na sakafu ya wavu. Leo panya anachomwa sindano ya kokeini au mofini na kufungiwa chumba cha mistari. Kesho anachomwa maji ya chumvi na kufungiwa chumba cheupe. Baada ya siku kadhaa unafungua mlango wa kati, humchomi chochote, unamwacha achague. Atakwenda kukaa chumba cha mistari. Dawa haimo mle, na bado anakipenda. Mbagala ndiyo chumba cha mistari cha mdogo wako. (Usimdharau panya kwa kujifunza. Panya buku wa Morogoro waliokwenda kunusa mabomu ya ardhini Msumbiji walifundishwa kwa njia ya namna hii, harufu ikaunganishwa na kipande cha ndizi.)

Ili kumtoa kwenye mazoea hayo, panya anarudishwa chumba cha mistari mara nyingi, safari hii kwa maji ya chumvi tu. Taratibu anaacha kukikimbilia, na tunasema mazoea yamezimika. Lakini Pavlov na mbwa wake waliona zamani kwamba mazoea yaliyozimika yakipumzishwa kidogo huibuka yenyewe, bila somo jipya. Maana yake somo la kwanza lipo palepale. Juu yake limewekwa la pili linalosema "hapa siku hizi hakuna kitu", na hilo la pili limefungwa sana na mahali lilipofundishwa. Panya aliyejifunza kubonyeza kidude cha kokeini katika sanduku la kwanza, kisha akazimishwa mazoea katika sanduku la pili, ukimrudisha la kwanza huanza kubonyeza upya.

Sasa soma hilo na ramani ya kusini mkononi. Miezi minane ya Mikindani imemfundisha mdogo wako kwamba Mikindani hakuna unga. Kuhusu Mbagala hajafundishwa lolote. Tena muda peke yake si tiba: mwaka 2001 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba panya waliozoea kokeini, wakikaa bila hiyo hadi siku 60, huitafuta kwa nguvu zaidi wakiona dalili zake kuliko walivyofanya mwanzoni. Na ile arosto ya ndani ya basi haikuwa uigizaji. Mtafiti Abraham Wikler aliyaona hayo kwa wagonjwa wa hospitali ya waraibu ya Lexington, Marekani, tangu miaka ya 1940: mtu hana dawa mwilini kwa miezi, akikumbushwa tu, mwili unaleta arosto wenyewe.

Saikloserini inaingia hapa. Kwenye seli za ubongo kuna vipokezi viitwavyo NMDA, ambavyo bila hivyo masomo mengi hayashiki. Kipokezi hicho ni kama mlango wa makufuli mawili: glutamati, kemikali ya ubongo, inafungua moja, glisini au ndugu yake inafungua la pili. Saikloserini inakaa kwenye nafasi ya glisini na kuusukuma mlango, si wote, kiasi tu. Kwa hiyo somo linalofundishwa saa hiyo linazama zaidi. Mwaka 2002 ilionekana kwa panya waliokuwa wakizimishwa woga, na mwaka 2006 kwa panya waliokuwa wakizimishwa mapenzi ya chumba cha kokeini: waliopewa dawa baada ya kila kipindi, mapenzi hayo yaliwaisha haraka. Ukiwapa bila kipindi cha mafunzo, hakuna faida. Ni kama salfa ya mikorosho, ukipuliza maua yakishaungua kwa ugonjwa wa ubwiri umetupa mfuko.

Jambo ambalo habari uliyosoma pengine haikulitaja ni kwamba dawa hii haichagui somo. Kumbukumbu ya zamani ikichokozwa kwa muda mfupi hulegea, kisha ubongo huifunga upya. Ukimkumbusha panya kidogo tu halafu ukampa saikloserini, unakaza kumbukumbu ya kokeini yenyewe. Ilichapishwa mwaka 2009. Ukimweka muda mrefu bila kitu, unakaza somo la kuzima. Dawa ile ile, matokeo kinyume. Na kwa watu, jaribio la waraibu wa kokeini lililochapishwa mwaka 2013 lilikuta hamu imepanda kwa waliomeza dawa. Mimi nikisoma hayo sioni mfamasia anayeweza kumpa mtu vidonge nyumbani akalala usingizi.

Wengine walijaribu upande wa pili, kuizuia kumbukumbu iliyolegea isifungwe tena. Propranololi, unayoijua kwa presha, imetumika hivyo kwa panya, na matokeo hayajatulia. Kilichonivutia zaidi hakikuwa na kidonge kabisa: mwaka 2012 watafiti wa China waliwaonyesha waraibu wa heroini video ya dakika tano ya madawa, wakasubiri dakika kumi, ndipo wakaanza mazoezi marefu ya kuzima. Hamu ilikuwa chini hata miezi sita baadaye. Waliosubiri saa sita badala ya dakika kumi hawakupata hiyo faida.

Kwa hiyo, saikloserini asipewe. Wewe muuguzi unajua wagonjwa wa TB sugu inavyowafanya: huzuni, kuchanganyikiwa, degedege, na pombe inaongeza degedege. Msimu wa mabibo huu, uraka (pombe ya mabibo) uko kila kibaraza. Methadoni nayo, iliyoanza kutolewa Muhimbili Februari 2011, inaondoa arosto na kutuliza hamu kwa anayetumia unga. Kwa aliyekaa miezi minane safi si ya kuanza kienyeji, mwili wake hauna tena uzoefu. Daktari wa kliniki ndiye aamue.

Arobaini ikifika asiende peke yake. Kaa naye kabla, mwandike pamoja vituo, watu na saa zinazomchokoza, na umpigie simu mshauri wa kliniki ya methadoni Dar mapema ili ajue mtu anakuja. Basi likiingia Mbagala awe anaongea na mtu, na kamasi zikianza mwambie mapema kwamba zitapita zenyewe, kwa kuwa ni mwili unaokumbuka. Na umwambie hili bila kumung'unya: kipimo alichokuwa akivuta zamani, leo kinaweza kumsimamisha pumzi mara ya kwanza tu.