Dawa mbili au moja? Jibu kwa msomaji wa Lamu kuhusu kansa ya nyongo

Msomaji wa Lamu ameniandikia juu ya mamake. Kansa ilianzia kwenye kifuko cha nyongo, imeshafika kwenye ini, na daktari wa upasuaji amesema haikatiki. Mombasa wameandikiwa dawa mbili za dripu, jemsitabini na sisplatini. Kaka mkubwa hataki. Anaona mama ni mtu mzima, moja inamtosha, na ile ya pili amesikia inaua figo. Swali lenyewe ni fupi: nani kasema mbili ni bora?

Wamesema wagonjwa 410 wa Uingereza. Kabla ya 2010 kila hospitali ilikuwa na desturi yake kwa kansa ya mirija na kifuko cha nyongo iliyoenea, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amelinganisha dawa vizuri. Juan Valle na wenzake walianza na wagonjwa 86, kuona kama mchanganyiko unauzuia uvimbe bila kuwaumiza watu kupita kiasi. Dalili zilipokuwa nzuri wakaongeza wengine 324, na mwaka 2010 wakatoa matokeo ya jaribio lote, ABC-02.

Nani apate moja na nani apate mbili iliamuliwa kwa bahati nasibu. Watu husikia hivyo wakaudhika, wakidhani wagonjwa wanachezewa. Lakini daktari akiachiwa achague, wenye nguvu atawapa mbili na wanyonge atawapa moja, kisha dawa itasifiwa kwa kazi iliyofanywa na afya ya mgonjwa. Kwa bahati nasibu ujanja huo haupo. Na matokeo: katika waliopata jemsitabini peke yake, nusu waliishi zaidi ya miezi 8.1. Katika waliopata zote mbili, nusu walivuka miezi 11.7. Japani walilinganisha vivyo hivyo kwa wagonjwa 84, wakapata 7.7 na 11.2. Hakuna aliyesema inaponya. Asiyewaambieni hivyo wazi hakuwatendeeni haki.

Sasa figo. Kaka ana hoja, ila ameichukua nusu. Sifa mbaya ya sisplatini imetokana na dozi kubwa zinazotumika kwa kansa nyingine, miligramu 75 hadi 100 kwa kila mita mraba ya eneo la mwili kwa mara moja. Hapa ni 25, siku ya 1 na siku ya 8, kisha wiki ya tatu ni mapumziko. Mizunguko minane ikikamilika ni wiki 24.

Hesabu ya dozi unaweza kuihakiki mwenyewe. Mama wa kilo 55 na urefu wa sentimita 160: zidisha 160 kwa 55, gawa kwa 3600, tafuta kipeuo cha pili. Utapata mita mraba 1.56. Jemsitabini ni miligramu 1000 kwa kila mita mraba, basi 1,560. Sisplatini ni 39. Mama apimwe uzito kila mzunguko, asiulizwe tu. Wagonjwa hawa hukonda haraka, na dozi ya mwili wa miezi miwili nyuma si dozi yake leo.

Kwenye jaribio, sisplatini ilitiwa katika lita moja ya maji ya chumvi yenye potasiamu milimoli 20 na magnesi milimoli 8, ikapita kwa saa moja. Ikafuata nusu lita ya maji ya chumvi kwa nusu saa, kisha jemsitabini kwa nusu saa. Maji hayo ndiyo ngao ya figo, basi usimsihi muuguzi ayapunguze ili muwahi basi. Na jemsitabini isipitishwe polepole kwa kudhani ndiyo salama. Ikipita zaidi ya saa moja sumu yake huongezeka.

Lakini ugomvi wenu wa moja au mbili si ndio wa kwanza. Umeandika kwamba macho ya mama ni ya manjano, mkojo kama chai ya rangi, na anajikuna usiku kucha. Hiyo ni nyongo iliyoziba njia. ABC-02 haikumpokea mgonjwa ambaye bilirubini yake, ile rangi ya manjano ya nyongo kwenye damu, ilizidi mara moja na nusu ya kiwango cha juu cha kawaida, na faida ya ile miezi ni ya watu ambao yao haikuzidi hapo. Kumtilia mtu kemo nyongo ikiwa imeziba ni kumwongezea sumu, na kumwacha wazi kwa maambukizi ya mirija wakati kinga yake imeshuka. Kwa hiyo swali la kwanza Mombasa ni hili: nyongo itafunguliwa vipi, lini, na bilirubini ikishuka hadi ngapi ndipo dawa ianze?

Njia ya kawaida ni kupitisha kamera mdomoni mpaka kwenye utumbo mdogo, kisha kuweka stenti, kijibomba cha kuishika njia wazi, ndani ya mrija. Isipowezekana, hutobolewa ubavuni na nyongo ikatoka kwa mpira hadi kwenye mfuko wa nje. Ulizeni stenti ni ya plastiki au ya chuma, na tarehe iandikwe kwenye kadi. Ya plastiki mara nyingi huziba ndani ya miezi mitatu hivi, na tiba ni ya karibu miezi sita, maana yake itahitaji kubadilishwa katikati. Nyingi huziba familia ikiwa imeshasahau kwamba ipo. Manjano yakirudi, kinyesi kikawa cheupe, mama akatetemeka kwa baridi, msidhani ni malaria mkampa dawa za duka.

Homa ndiyo sheria isiyo na mjadala. Joto likifika 38, iwe ni usiku au ni siku ya arusi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, King Fahd kama mko Lamu, na aliyemsindikiza aseme mlangoni: "Huyu yuko kwenye kemo." Seli nyeupe huwa chini zaidi takriban wiki moja hadi mbili baada ya dozi, na maambukizi hayangoji boti ya asubuhi. Nunueni kipimajoto, mkono wa shangazi kwenye kipaji haupimi 38.

Safari nayo ipangeni kwa akili. Kutoka Lamu ni boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu, Garsen na Malindi hadi Mombasa. Ukifika Coast General, damu ikapimwa, neutrofili (seli nyeupe za kinga) zikawa chini ya 1.0 au platileti (za kugandisha damu) chini ya 100, mara nyingi dozi itaahirishwa au kupunguzwa. Basi ombeni damu na kreatinini (kipimo cha figo) vipimwe nyumbani siku moja au mbili kabla, mpige picha ya majibu, mtume, mngoje jibu ndipo mkate tiketi. Kwa kuwa siku ya 1 na ya 8 zimepishana wiki moja tu, kama mna jamaa Mombasa au Malindi mama akae huko katikati. Na ruhusa ya bima ya afya ya SHA iombwe mapema, si dirishani siku ya dripu.

Dawa za maumivu: diklofenaki na ibuprofeni ziacheni kabisa, zinagonga figo zilezile ambazo kaka anaziogopea. Parasetamoli hushusha homa ikaificha, basi pimeni joto kwanza. Ganzi vidoleni, mlio masikioni, misuli kukaza: yote yatajwe kabla ya dozi inayofuata, hata kama mama anasema si kitu. Kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa zikaoshwa, halina ugomvi na sisplatini maadamu maji ni safi. Mizizi iliyochemshwa bila kipimo ni jambo jingine. Figo na ini havijui kwamba ni dawa ya asili. Ramadhani ikiingia katikati, asifunge. Aya ya 184 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa, na siku zinazofuata sisplatini anahitaji maji mchana, si baada ya magharibi tu.

Mtaambiwa pia kuhusu dawa ya tatu. Marekani waliongeza paklitakseli kwa hizi mbili, wakajaribu kwa wagonjwa 441. Tofauti ya uhai haikuthibitika. Durvalumabu, dawa ya kuamsha kinga ya mwili, imefanya vizuri zaidi: katika wagonjwa 685, nusu walivuka miezi 12.8 badala ya 11.5, na kufikia miaka miwili karibu robo walikuwa hai, ikilinganishwa na mmoja katika kumi. Bei yake ni ya kuuza shamba. Msiuze kabla daktari hajawaonyesha kwamba mama ana nguvu za kuipokea, na kabla hamjamuuliza mwenye shamba, ambaye nadhani ni yeye mwenyewe.

Baada ya mizunguko minne, yaani wiki 12, apigwe CT tena. Uvimbe ukiwa umetulia au umepungua, mnaendelea hadi minane. Ukiwa umekua, dawa hizi zimeshindwa na hakuna haja ya kumalizia idadi. Mchanganyiko wa pili upo, FOLFOX, lakini nyongeza yake ni ndogo: katika jaribio la wagonjwa 162, miezi 6.2 dhidi ya 5.3 kwa waliotibiwa dalili tu. Siku hiyo aulizwe mama, na kaka amwache ajibu.