Re: Muziki wa kuchangamsha nyumba

Dadangu wa Kisauni, umeuliza kama muziki utaiondolea nyumba yenu ule upweke, maana mmehamia fleti mpya na TV inawaka kutwa bila mtazamaji. Utasaidia, lakini zima hiyo TV kwanza. Sauti mbili zikigombana ni kelele tu.

Shida ya fleti zetu ni vigae na kuta tupu: sauti inagonga na kurudi, hata wimbo mzuri unakera. Tandika zulia au mkeka, shusha pazia zito, kisha spika iweke kwenye rafu, si chini sakafuni. Kipimo changu: mtu wa jikoni aitike bila wewe kupaza sauti.

Asubuhi mahamri yakiumuka, weka bango, ule muziki wa dansi wa Pwani, mdundo wake mwepesi. Jioni bwana akirudi amechoka, taarabu ya zamani ya udi, ile ya Zein l'Abdin, mpiga udi wa Lamu, polepole. Rusha roho, ile taarabu ya kisasa ya kuchezeka, ngoja siku ya wageni! Adhana ikilia, zima kidogo. Watoto nao wape zamu yao Jumamosi, hata kama ni gengetone, ule muziki wa vijana wa Nairobi. Uvumilie tu, mama.