Barua kwa mwanangu: kabla hujatoa hela ya pikipiki

Marahaba mwanangu.

Picha nimezipata, na swali lako nimelielewa. Unataka pikipiki ya kukufikisha vijijini kutoka hapo Vwawa, dalali amekuletea Boxer 150 ya miaka mitatu, mita inasoma kilomita 11,000 na ushee, na unauliza uangalie nini kabla hujatoa hela. Nakuandikia kwa mpangilio wa kuufuata siku hiyo. Ukianza na rangi na siti, utafika kwenye injini ukiwa umeshaipenda, na hapo hata moshi utauona ni mvuke.

Anza na kadi, kabla hata hujainama kuangalia tairi. Uione kadi halisi ya usajili inayotolewa na TRA, mamlaka ya mapato, si kopi wala picha ya kwenye simu. Jina lililoandikwa liwe la anayekuuzia, na kitambulisho chake cha NIDA kiwe na jina hilohilo. Dalali kazi yake ni kukukutanisha na mwenye mali, kwa hiyo mwenye mali aje mwenyewe. Ukiambiwa kadi "ipo kwa bosi" au "ipo benki", rudi nyumbani. Bodaboda nyingi ziko kwenye mkataba: kijana amekabidhiwa chombo na tajiri au kampuni ya mikopo, anapeleka hesabu kila siku, na kadi anapewa deni likiisha. Wapo wanaouza katikati ya mkataba. Ukinunua hapo, umemlipa asiye na mali, na mwenye mali akija na polisi ataondoka nayo. Zile za mkopo mara nyingi hufungwa kifaa cha GPS cha kufuatilia chombo kilipo. Mwambie fundi afungue siti na kava za pembeni. Akikuta kijiboksi kimeungwa kwenye waya za betri na si cha kiwandani, muuzaji akueleze nani alikifunga na kwa nini bado kipo.

Kuna hali nyingine utakayokutana nayo sana: kadi ni halisi lakini ina jina la mmiliki wa kwanza, na anayekuuzia ni mtu wa tatu. Hapo zinatakiwa hati za mauziano za kila hatua, wa kwanza kwenda wa pili, wa pili kwenda wa tatu. Ikikosekana moja, mmiliki wa kwanza atafutwe asaini. Usikubali neno la "jina utabadilisha mwenyewe baadaye". Na kwa kuwa uko karibu na Tunduma, mpakani na Zambia, ukiletewa isiyo na namba za Tanzania kwa bei ya kutupa, achana nayo; ushuru wake utakuwa juu yako.

Kadi ikiwa safi, washa tochi ya simu utafute namba ya chasisi. Iko kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapopita. Zungusha usukani mpaka mwisho utaiona. Ifute kwa kitambaa chenye petroli kidogo, usiikwangue. Zinakuwa herufi na tarakimu 17, na ndani yake huwezi kukuta I, O wala Q, maana ziliachwa ili zisichanganywe na 1 na 0. Boxer ya kiwanda cha Bajaj cha India huanza na MD2, TVS ya India huanza na MD6, na za China huanza na L. Soma tarakimu mojamoja ukilinganisha na kadi, kisha fanya hivyohivyo kwa namba ya injini iliyogongwa kwenye ganda la injini. Pitisha ncha ya kidole juu yake. Kina cha tarakimu kikitofautiana, mstari ukipanda na kushuka, au rangi ikiwa mpya hapo tu, hiyo namba imechezewa, na maongezi yaishie hapo. Injini iliyobadilishwa si lazima iwe ya wizi, kwa sababu wapo wanaonunua injini nzima ya kwanza ikifa, lakini mabadiliko hayo yawe yameingizwa kwenye kadi.

Kuhusu hizo kilomita 11,000, siziamini. Kwenye picha namba ya usajili ni nyeupe, yaani ilisajiliwa ya biashara. Bodaboda akitembea kilomita 100 kwa siku, siku 300 za mwaka, ni kilomita 30,000 kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo ama kebo ya mita ilikatika siku nyingi, ama mita imebadilishwa. Kinachosema kweli ni mpira wa kanyagio la gia, raba za kuwekea miguu, kanyagio la breki lililosuguliwa mpaka linang'aa, na tundu la ufunguo lililolegea. Raba zikiwa mpya zote kwa pamoja, nayo ni taarifa. Mita kuwa ya uongo peke yake hakunifanyi nikukataze kununua. Inakwambia tu uhesabu injini kuwa imechoka mpaka ijithibitishe.

Sasa injini yenyewe, na hapa usiwe na haraka. Mwambie muuzaji mapema asiiwashe siku hiyo. Ukifika, sogeza kiganja karibu na silinda na bomba la eksozi kabla ya salamu hazijaisha. Ikiwa ya moto, ameshaiwasha kuficha usumbufu wa kuwaka ikiwa baridi. Ngoja saa moja au urudi kesho. Ikiwa imepoa, zima swichi ubonyeze kiki taratibu kwa mkono. Lazima ifike mahali ikatae, kisha ipite. Ikishuka laini mpaka chini bila kukataa, mgandamizo umekwisha: ni valvu zisizofunga, au pistoni na ringi.

Chomoa kijiti cha oili, au tazama kidirisha chake kama ni toleo lenye kidirisha. Oili nyeusi si tatizo, ni ya kubadilishwa tu. Ya rangi ya maziwa imeingia maji, kawaida baada ya kuvuka mto au kuoshwa kwa presha. Ipake kwenye kidole uigeuzegeuze juani. Ukiona vijichembe vinavyometa, kuna chuma kinalika ndani. Na ikiwa mpya kabisa na nzito kuliko kawaida, shtuka. Zinazotumika sana kwenye pikipiki hizi ni 20W-50 au nyepesi kidogo. Wauza pikipiki mbovu hutia nzito ya gia kunyamazisha kelele na kupunguza moshi kwa siku mbili tatu. Angalia pia vichwa vya bolti za kifuniko cha silinda. Vikiwa vimechubuka, au silikoni nyekundu imefurika pembeni ya gasketi, injini imeshafunguliwa. Kufunguliwa si dhambi, ila muulize muuzaji alibadilisha nini na risiti ziko wapi. Aliyekuapia kwamba haijawahi kufunguliwa, huku bolti zinasema vingine, hata hayo mengine anayosema yapunguzie uzito.

Washa. Kwa choki, asubuhi, iwake kwa kiki mbili au tatu. Simama nyuma ya eksozi. Mvuke mweupe unaokatika baada ya dakika chache ni unyevu wa usiku. Moshi mweusi ni petroli nyingi: kabureta au kichujio cha hewa kilichoziba, kazi ndogo. Wa bluu ndio wa kuogopa, kwa sababu ni oili inayoungua. Ukitoka ghafla wakati wa kuwasha kisha ukaisha, ni sili za valvu. Ukiendelea kutoka kila unapovuta mafuta, ringi au silinda imekwisha. Kuhakikisha, fundi afungue kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa silensa, yaani inaunguruma yenyewe bila kuvutwa mafuta. Vitone vichache kuruka ni kawaida. Moshi ukipuliza kwa mapigo kutoka kwenye tundu hilo, mgandamizo unapita pembeni ya ringi na kushuka chini. Kisha afungue boksi la kichujio cha hewa. Likiwa limelowa oili ndani, ni ushahidi wa pili wa kosa hilohilo.

Sikiliza pia. Mlio mwepesi wa tik-tik juu ya silinda ni tapeti, zinapimwa na kurekebishwa kwa nusu saa injini ikiwa baridi. Mchakacho wa upande wa cheni ya ndani, ile ya taimingi, ni wa kubadilisha cheni na kikaza chake. Mlio mzito wa kugonga unaotoka chini, unaozidi ukipandisha mafuta, ni konrodi au beringi za kranki. Huo usiufanyie hesabu ya kupunguziwa bei. Injini nzima itashuka chini, na ikishafunguliwa hujui kitakachokutwa kingine.

Barabarani panda wewe mwenyewe, na upande mlima, maana huko unakokwenda hakuna tambarare. Ingia gia zote, pandisha na shusha. Gia inayoruka yenyewe kurudi nyutro, hasa ya pili, ni meno yaliyolika ndani ya gia boksi. Kisha ukiwa gia ya juu, mwendo wa kama kilomita 40 kwa saa, fungua mafuta ghafla. Injini ikipiga kelele na mwendo usiongezeke, klachi inateleza. Pikipiki iliyobeba mishikaki, abiria wawili au zaidi kwa mpigo, kila siku haikosi hili. Pleti za klachi si ghali, lakini ziingie kwenye bei. Kwenye sehemu iliyonyooka isiyo na watu, legeza mikono kidogo uone kama inavuta upande mmoja. Pitisha tairi kwenye maji kisha kwenye lami kavu: alama ya nyuma isipofuata ya mbele, ama gurudumu la nyuma halijapangwa sawa kwenye alama za cheni, ama fremu imepinda. La kwanza linarekebishwa kwa spana. La pili ni la kuondokea.

Ukirudi, isimamishe kwenye stendi kubwa, mtu akandamize nyuma ili gurudumu la mbele linyanyuke. Shika shokapu zote mbili chini, vuta na kusukuma. Ikigonga, beringi za usukani zimelegea. Geuza usukani polepole kushoto na kulia. Ukihisi unakamata katikati, zimelika na zinabadilishwa. Futa shokapu kwa kidole uone kama zinavuja oili. Gurudumu la nyuma litikise kushoto na kulia: mchezo ni beringi za gurudumu au bushi za mkono wa nyuma, fundi atatofautisha. Cheni ivute kutoka nyuma ya sproketi. Ikiachia mpaka ukaona zaidi ya nusu ya jino, imekwisha, na meno yakiwa yamechongoka na kulala upande mmoja kama mapezi ya papa, badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja, maana cheni mpya juu ya meno ya zamani haimalizi muda wake. Tairi zina tarakimu nne pembeni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tanki limulike ndani kwa tochi, kamwe si kwa kiberiti. Kutu humo itaziba kabureta kila mara. Taa, honi na indiketa utazijaribu kwa dakika moja. Betri ipimwe: kama volti 12.5 injini ikiwa imezimwa, na ikivutwa mafuta ifike kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, haichaji.

Fundi wa kukagua umchague wewe, asiwe wa dalali. Mlipe siku yake hata usiponunua, ili asiwe na sababu ya kukwambia ni nzima.

Bei izungumzwe mwisho, baada ya kupita duka la spea kuuliza bei ya kila kilichokutwa kibovu. Taja vitu na gharama zake, si "naomba punguzo". Namba ya usajili ingiza kwenye mfumo wa Polisi wa faini za barabarani. Deni likiwepo, muuzaji alilipe kwanza. Malipo yafanyike kwa benki au simu, mbele ya wakili anayegonga muhuri hati ya mauziano. Hati iandikwe namba ya usajili, chasisi, injini, kiasi, tarehe na saa ya kukabidhiana. Saa ni muhimu, kwa sababu kosa lililofanyika asubuhi na pikipiki hiyo lisiwe lako. Kutoka hapo nendeni wote wawili TRA na TIN zenu, kadi na hati, mkaanze kubadilisha jina. Bima iwe kwa jina lako kabla hujaiingiza barabarani.

Ukifika nayo nyumbani, mwaga oili hiyo hata kama aliapa ni mpya, uweke mpya ya daraja linalotajwa kwenye kitabu chake; inaingia kama lita moja, pima usizidishe. Safisha kichujio cha hewa, badilisha plagi, na ile ya zamani nitumie picha yake. Ya kahawia hafifu ni nzuri, nyeupe inakosa petroli, nyeusi kavu imezidiwa petroli, nyeusi yenye mafuta inachoma oili. Mwezi wa kwanza pima oili kila Jumamosi asubuhi, pikipiki ikiwa imesimama wima. Ikishuka na chini hakuna tone, inaungua, na ujue ringi zinahitaji hela kabla ya masika.

Baba yako.