Siku ya tatu, na ng'ombe wa Idjwi

Mhariri, mmeuliza wiki hii kwa nini watu wanaanza tumbaku isiyo na moshi, wanaendelea nayo, na kuiacha kunawashinda. Nimelisoma swali nikiwa zamu, getini, hapa Nguba, Bukavu, Kongo. Mimi ni sentineli, mlinzi wa geti, mwaka wa kumi na moja sasa. Ugoro nimeuacha Jumapili na leo ni Jumatano, kwa hiyo mkiona ukali mjue unatoka wapi. Msimamo wangu ni mmoja: anayetaka kuacha anaacha. Anayesema ameshindwa anadeka.

Kuanza hakuna siri. Sigara usiku inakutangaza, kale kamoto kanaonekana toka barabarani, na asubuhi mke wa bosi ananusa moshi kwenye koti la kazi. Ugoro hauna moto. Mzee niliyemkuta kwenye geti hili alinifundisha kuuweka nyuma ya mdomo wa chini, si puani, maana mlinzi akipiga chafya mwizi anajua amesimama wapi. Dakika chache tu, usingizi unakimbia. Sababu za wengine waulizeni wenyewe. Koko wangu wa Kabare, mzazi wa mzazi wangu, alinusa maisha yake yote na hakulinda geti la mtu.

Kuendelea, ni nikotini. Wanaosaga tumbaku wanatia magadi au majivu, na sisi wanunuzi tunadhani ni ladha, kumbe ndiyo yanayoifanya ipenye upesi kwenye nyama ya mdomo.

Swali ambalo hamkuuliza ni hili: mtu aache siku gani? Mimi niliwahi kuacha vizuri kabisa, ila siku mbaya.

Mdogo wangu alikuwa anaoa kisiwani Idjwi. Baba alishatutoka, basi msemaji wa familia ni mimi. Nikaona aibu kwenda kwa wakwe mdomo umevimba kama nimeng'atwa na nyuki. Alhamisi nikatupa kopo. Jumamosi, siku ya tatu, tukapanda boti. Mota inagonga, kichwa kinagonga. Mama mdogo ananiuliza kama zawadi ya mama mkwe iko kwenye begi, nami namjibu kama ninayedaiwa kodi.

Tukakalishwa chini ya migomba, viti vya plastiki, kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye ndoo ya njano yenye kifuniko. Wakaanza na ng'ombe sita. Kila mtu anaujua mchezo huo: wao wanapandisha, sisi tunalia umaskini, wao wanashuka, tunapiga makofi. Kwa siri tulishaambiwa kwamba wanne wanatosha. Kazi yangu ilikuwa kulia tu. Badala yake nikasimama nikasema: «Ng'ombe sita? Kwani huyu binti anakuja pamoja na boti?»

Kimya. Mama mdogo akajifunika uso na kitenge. Shangazi wa binti, aliyekuwa ananimiminia, akairudisha bilauri kwenye sinia, taratibu, bila kuniangalia. Tukapigwa faini ya mbuzi palepale, na mdogo wangu akanitazama kwa macho ambayo hadi leo sijayasahau.

Mzee mmoja wa upande wao ndiye aliyetuokoa. Hakuwa anauangalia uso wangu, alikuwa anaangalia vidole: kidole gumba na cha shahada vilikuwa vinasuguana vyenyewe, kama vinachota kitu ambacho hakipo. Akauliza, «Mkwe, umeacha lini?» Nikasema, «Alhamisi, baba.» Akacheka hadi akakohoa. Akatoa kifuko cha nailoni kilichofungwa kwa kamba ya mgomba, akanisogezea. Nikachota mbele ya watu wote. Kabla ndoo haijaisha tulikuwa tumefunga kwa ng'ombe wanne. Mbuzi wa faini walimchukua, tena yule mkubwa.

Nikaendelea miaka sita. Nikiulizwa nani alinirudisha, nasema wakwe. Yule mzee bado ananitumia kifuko kwa boti, na kukataa zawadi ya mkwe nyinyi wenyewe mnajua.

Mwaka jana nikaona doa jeupe pale ninapoweka, halafu fizi ikaanza kushuka, meno ya chini yanaonekana marefu. Muuguzi akaniambia tumbaku hii inaleta saratani ya mdomo, ya umio na ya kongosho, hata kama moshi haupo. Nchi yetu iliridhia mkataba wa kudhibiti tumbaku mwaka 2005, na pakiti ya sigara ina onyo lake. Kifuko changu kina kamba ya mgomba tu.

Nilisema anayeshindwa anadeka. Nimerudi juu kusoma, sijaifuta, lakini simsemi tena yule wa Idjwi aliyekuwa mimi. Siku tatu za kwanza ndizo mbaya kuliko zote, basi zipitishe mbali na wakwe, mbali na zamu ya usiku, mbali na yeyote mwenye kifuko. Sijui ni bosi gani wa Bukavu anayempa sentineli usiku tatu za kukaa nyumbani na hasira zake. Na anayenusa kidogo kwenye kilio cha msiba, kama koko, huyo simo katika kesi yake.

Ni saa nane na dakika kumi usiku. Mwenzangu wa geti la pili ametema mate mara nne tangu nianze kuandika.