Picha ilikuwa inakwenda ukuta wa nani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Kigoma, naandika vibao vya maduka na kuchora picha. Rafiki yangu alinionyesha kwenye simu kazi za Tshibumba Kanda Matulu wa Kongo. Ufundi sikuuona, watu wamekakamaa kama vijiti. Mbona anasifiwa hivyo? Au wanamhurumia kwa maisha yake? – Msomaji, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shida ingekuwa inatengeneza wachoraji, mtaani kwetu tungejaa mabingwa. Usianze na mkono wake. Anza na ukuta.

Tshibumba alizaliwa mwaka 1947 Elisabethville, Lubumbashi ya leo, katika nchi ya shaba. Wateja wake wa miaka ya 1970 walikuwa watu wa kawaida wa jimbo lake la Katanga, wenye mshahara kidogo na sebule yenye viti. Alichorea kwenye kitambaa cha magunia ya unga, na picha moja aliirudia kila mteja alipoitaka, kama wewe na vibao vyako vya vinyozi. Huko picha hizo waliziita ukumbusho: mgeni anakaa, anainua macho, mazungumzo yanaanza.

Hebu itazame tena ile ya "Colonie Belge", yaani Koloni la Ubelgiji. Ua wa gereza, bendera ya Ubelgiji juu, mfungwa kalazwa kifudifudi anachapwa. Mzungu kasimama tu, anaangalia. Mwenye fimbo ni Mwafrika. Sasa itundike sebuleni mwaka 1973, Mobutu yuko madarakani. Mimi siamini kwamba mwenye nyumba alipoitazama aliwawaza Wabelgiji peke yao.

Halafu akaja mteja wa aina nyingine, mtafiti Johannes Fabian. Tshibumba akamchorea historia ya nchi nzima, picha zaidi ya 100, akimweleza kwa Kiswahili huku kinasa sauti kikizunguka. Alijiita mwanahistoria. Humo kifo cha Lumumba, cha 17 Januari 1961, kina misalaba mitatu nyuma: wake, na ya wenzake waliouawa naye, Mpolo na Okito. Mteja wa sebuleni hakuwa na nafasi ya kutundika picha 100, kwa hiyo bila mnunuzi huyu mfululizo ule pengine usingekuwapo.

Kuhusu kukakamaa, nina deni. Nilipokuwa nafundisha, kijana mmoja alichora foleni ya sukari ya mwaka 1983 mbele ya duka la kijiji: kina mama na mifuko yao, mwenye duka kafungua dirisha nusu, mtoto kalala juu ya ndoo. Nikamkata alama kwa sababu miguu ilikuwa mifupi. Picha nyingine za darasa lile, zenye vivuli sahihi na minazi mizuri, sikumbuki hata moja.