Maswali ya Wasomaji: Je, Ninja Walivaa Nguo Nyeusi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu ana hakika kwamba ninja wa Japani walivaa nguo nyeusi tititi, wakatoweka ndani ya moshi, na walikuwa maadui wa samurai. Nimwambie nini?

JIBU: Mwambie kwamba ninja walikuwapo kweli, ila kazi yao kubwa ilikuwa upelelezi, na mpelelezi anayejulikana kwa vazi lake amekwisha kuharibikiwa. Zamani hizo waliitwa zaidi shinobi. Walivuma hasa katika karne ya 15 na ya 16, wakati makabaila wa Japani walipokuwa wakipigana mfululizo na kila mmoja akitaka kujua yanayopangwa ndani ya ngome ya mwenzake. Waliosifika zaidi walitoka Iga na Koka, sehemu mbili za milimani zinazopakana, ambako wenye ardhi wadogo walijilinda wenyewe hadi kabaila mwenye nguvu, Oda Nobunaga, alipoivamia Iga mwaka 1581 na kuiteketeza. Wengi wao walikuwa samurai wa daraja la chini, hivyo huo uadui ni wa kubuni.

Shoninki, kitabu cha mwaka 1681 kuhusu ufundi huu, kinataja namna saba za kujigeuza, zikiwamo za mtawa, mfanyabiashara na mtu wa kawaida tu. Vazi jeusi lilienezwa baadaye na jukwaa na wachoraji. Hokusai alichora mtu wa namna hiyo akipanda kamba mwaka 1817. Moshi nao una asili yake, kwani Bansenshukai, kitabu cha mwaka 1676, kinaeleza michanganyiko mingi ya baruti kwa ajili ya mienge, ishara na kuchomea majengo. Kutoweka ni chumvi iliyoongezwa.

Mimi hupendelea kisa cha uasi wa Shimabara, katika kisiwa cha Kyushu, kuliko ngano zote hizo. Majeshi ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, yalipowazingira waasi katika ngome ya Hara mwaka 1638, watu wa Koka walitumwa gizani kupima kina cha handaki, kimo cha ukuta na hali ya njia, nao wakarudi na vipimo. Lakini walipojipenyeza ndani ili wasikilize, hawakuielewa lahaja ya wenyeji wa Kyushu wala maneno ya ibada ya waasi, ambao wengi wao walikuwa Wakristo, na kwa hiyo hawakuweza kuchangamana nao.