Mstari Uliokatika: Jinsi Rejista ya Chanjo Inavyoweza Kumkinga Mtoto

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekuwa muuguzi katika kliniki za mama na mtoto upande wa Likoni, Mombasa, na jambo ninaloliamini kuliko mengine yote kuhusu kinga ya watoto wadogo ni kwamba faida kubwa ya rejista ni kumtambua kwa jina mtoto ambaye hakufika. Waliofika tumeshawaona, tumewapima na kuwachanja. Asiyefika hana wa kumsemea isipokuwa mstari wake kitabuni, ambapo tarehe zinaanza vizuri upande wa kushoto kisha zinakatika. Ushauri huu nawapa wauguzi wenzangu na wazazi kwa pamoja, kwa sababu rejista nzuri huandikwa na pande zote mbili, mmoja akishika kalamu na mwingine akitoa habari zilizo sahihi.

Vituo vya afya vinavyochanja watoto hapa Kenya huweka rejista ya kudumu ya chanjo, ambayo sisi huiita kwa namba yake, MOH 510. Mtoto anapofika mara ya kwanza hupewa namba na mstari wake, na kila anaporudi tarehe huandikwa katika mstari uleule: BCG (chanjo ya kifua kikuu) na matone ya polio ya kuzaliwa, chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu ile ya surua na rubela anapofikisha miezi 9 na tena miezi 18. Ukuaji wake hufuatiliwa katika rejista nyingine. Mwezi ukiisha, hesabu hujumlishwa katika fomu na kuingizwa kwenye mfumo wa taifa wa taarifa za afya, ambao ulianza kutumika nchi nzima kwa njia ya intaneti mwaka 2011. Ni mfumo wenye manufaa makubwa, lakini kinachopanda kwenda kaunti na kwenda Nairobi ni idadi. Majina yanabaki kituoni. Afisa anayetazama takwimu anaweza kuona kwamba waliopata dozi ya kwanza ya pentavalenti, ile chanjo ya magonjwa matano inayotolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ni wengi kuliko waliopata ya tatu, na pengo hilo likizidi asilimia 10 huhesabiwa kuwa dalili ya tatizo. Hawezi, hata hivyo, kujua kwamba mmoja wa watoto hao anakaa Mtongwe, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Anayeweza kulijua hilo ni muuguzi aliyeifungua rejista na kuisoma.

Kuna namna mbili za kuisoma. Anayetafuta jumla husoma safu kutoka juu kwenda chini, na anayemtafuta mtoto husoma mstari kutoka kushoto kwenda kulia. Ninawashauri wauguzi watenge saa moja kila wiki, siku ambayo foleni si ndefu, warudi kwenye kurasa za watoto waliozaliwa miezi minne iliyopita, na waandike pembeni majina ya wote ambao safu ya wiki ya 14 iko tupu. Kisha wafanye vivyo hivyo kwa waliozaliwa miezi kumi iliyopita, wakitazama surua na rubela. Orodha inayotokana na kazi hiyo huwa fupi kuliko watu wanavyoogopa, na kila jina lililomo linaweza kufuatwa.

Nitaeleza mstari mmoja ninaoukumbuka vyema. Mtoto alizaliwa salama, akapata BCG na polio, akaja wiki ya 6 bila kuchelewa, kisha kimya. Namba ya simu iliyoandikwa ilikuwa ya baba, naye alikuwa amebadilisha laini. Kilichotusaidia ni neno moja lililoandikwa pembeni, jina la duka lililo mkabala na nyumba yao, kwa kuwa mwenye duka alijua kwamba mama amekwenda kwao Msambweni, katika kaunti jirani ya Kwale, kukaa na mamake. Mhudumu wa afya wa jamii alipompata kwa simu, tuligundua kwamba mtoto alikuwa amechanjwa huko Kwale wiki ya 10 na ya 14, na tarehe zote zilikuwa kwenye kijitabu chake cha kliniki, kile ambacho mama hukaa nacho. Katika hesabu zetu alikuwa mtoto aliyepotea, na huko Kwale alikuwa mgeni aliyeongezwa. Mambo kama haya, yakiwa mengi, ndiyo hufanya kiwango cha chanjo cha eneo moja kionekane kimeporomoka huku cha jirani kikipita asilimia 100, kwa sababu idadi ya watoto wanaotarajiwa hukisiwa kutokana na sensa na watu hawakai pale sensa ilipowakuta. Mombasa, ambako familia huvuka kivuko asubuhi na jioni na wapangaji huhama kila kodi inapopanda, jambo hili lazima lizingatiwe kabla ya mtu yeyote kumlaumu mama kwa uzembe.

Kwa hiyo mambo ya kuandika siku ya kwanza yana uzito mkubwa. Watoto wengi wa Pwani huzaliwa kabla hawajapewa jina. Katika familia za Kiislamu jina mara nyingi hutolewa siku ya saba, pamoja na akika. Hospitalini mtoto huandikwa kwa jina la mama, na wiki sita baadaye hufika kliniki akiwa na majina matatu yasiyofanana na yale ya kwanza. Kina Mwanaisha Ali na Fatuma Juma ni wengi mno katika mtaa mmoja kwa jina pekee kutosha. Andika majina matatu ya mtoto, majina matatu ya mama, simu mbili ambazo mojawapo ni ya nyanya, shangazi au jirani, na alama ya nyumba kwa namna ambayo mtu wa mtaani angemwelekeza mgeni. Jina likibadilika, sahihisha katika mstari uleule. Usimfungulie mtoto mstari mpya, kwa maana utakuwa umemgawa watoto wawili, mmoja asiye na mwanzo na mwingine asiye na mwisho.

Arubaini nayo ni msaada ambao kliniki zetu hazijautumia inavyostahili. Mama anamaliza kukaa ndani siku ya arubaini, na wiki ya 6 hutimia siku mbili tu baadaye. Mhudumu wa afya wa jamii anayepita kumpongeza mzazi anaweza kuitaja tarehe hiyo ya kliniki siku hiyohiyo, mbele ya mama mkwe na mawifi, ambao katika nyumba nyingi ndio wanaoamua nani atoke na lini. Tangu 2023 serikali imewapa wahudumu hawa vifaa na simu za kuandikia habari za kaya wanazozitembelea, na kwa maoni yangu hakuna kitu chema cha kuwapa kuliko ile orodha fupi iliyotoka kwenye rejista. Ukimwambia mhudumu "wahimize kina mama" utakuwa hujamwambia kitu. Ukimpa majina manne na alama za nyumba zao, atarudi na majibu manne.

Baada ya miezi 9 ndipo tunapowapoteza watoto wengi, na hapa nazungumza kwa uchungu. Wazazi huona kazi ya sindano imekwisha, ilhali bado kuna dozi ya pili ya surua na rubela katika miezi 18, vitamini A kila baada ya miezi sita hadi mtoto akaribie miaka mitano, dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja, na kupimwa uzito na urefu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Tulishuka kutoka 26 mwaka 2014, lakini bado ni wengi sana, na kudumaa hakuonekani kwa urahisi kwa macho mpaka urefu wa mtoto upimwe na kulinganishwa na umri wake. Asipokuja, hakuna kipimo cha kulinganisha.

Wakati mwingine kosa ni letu watoa huduma. Chanjo ya surua na rubela huja katika chupa ya dozi 10, na ikishachanganywa haiwezi kukaa zaidi ya saa sita. Nimeona kliniki ambako mama mwenye mtoto mmoja huambiwa arudi siku nyingine ili chupa isifunguliwe kwa ajili yake, naye amepoteza nauli na kibarua cha siku nzima. Wengine hawarudi. Rejista ingeliondoa tatizo hilo kwa kiasi kikubwa: tukijua mapema ni watoto gani wanaotimiza miezi 9 wiki hii, tunaweza kuwaita siku moja. Na akija mmoja nje ya siku hiyo, afunguliwe chupa. Dozi tisa zinazomwagwa ni hasara ndogo kuliko mtoto mmoja kuugua surua.

Nchi zilizotutangulia hazina siri kubwa katika hili. Denmark imempa kila mkazi namba moja tangu 1968, na rejista yake ya chanjo huwezesha wazazi kukumbushwa dozi inapokosekana. Sisi tuna kijitabu, kitabu kikubwa na simu ya mkononi, na hata kwa hivyo vitatu mtoto anaweza kufuatwa hadi atimize miaka mitano.

Kumfuata, hata hivyo, kufanywe kwa staha. Katika rejista zetu mna habari za mama anayeishi na virusi vya UKIMWI, za mtoto aliyekosa lishe, za baba asiyetajwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na ukurasa wa rejista haupaswi kupigwa picha na kutumwa katika kikundi cha WhatsApp hata kama nia ni kutafuta watoto. Ujumbe wa simu utaje tarehe ya kliniki na usitaje kingine chochote.

Kwa mzazi, haya ndiyo ninayokuomba. Lete kijitabu kila unapokuja, hata kama umekuja kwa sababu ya kikohozi, kwani muuguzi makini atakitazama na kuona kilichobaki. Ukibadilisha laini au ukihama, pita kliniki uwaambie. Nakili namba ya mtoto ya rejista mahali pengine mbali na kijitabu, kwa kuwa kijitabu kikiungua au kikiloa mvua, namba hiyo pamoja na tarehe ya kuzaliwa vitatuwezesha kuufikia mstari wake na kukuandikia kipya. Na kama mtoto amechanjwa Kwale, Kilifi au kwingineko, tuonyeshe tarehe hizo utakaporudi, nasi tutazijaza pale zilipokosekana.